Mabomba ya maji safi na ya majitaka katikati ya Arusha: kwa nini yabadilishwe pamoja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mabomba chakavu ya maji safi na ya majitaka katikati ya jiji yabadilishwe kwa pamoja, ilhali yanayovuja yangeweza kuzibwa moja moja.

Sababu kubwa ni afya. Bomba la chuma lililoliwa na kutu humwaga maji nje likiwa na msukumo, lakini wakati wa mgawo, msukumo unaposhuka, tundu lile lile hufyonza kilichomo udongoni. Na ikiwa jirani yake kuna bomba la majitaka lililoachia kwenye maungio, kinachofyonzwa ni kinyesi, na hapo kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia ya kuingia majumbani. Kiraka hakiondoi hatari hiyo.

Kwa hiyo bomba la majitaka lilazwe chini zaidi, la maji safi juu yake na kwa pembeni. Mimi ningechagua mabomba ya polithini, yaani aina ya plastiki, iliyounganishwa kwa joto, kwa kuwa haishiki kutu. Mkandarasi asifukie kabla ya kupima msukumo, na mahali kama Barabara ya Sokoine, lami mpya isubiri kazi hiyo ikamilike. Wenye majengo nao wakague kipande cha kutoka kwenye mita hadi ndani, maana mara nyingi ndicho kinachosahaulika.