Kondishena isilale kichwani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kondishena nzito inafaa zaidi ukikaa nayo kwenye joto kwa muda mfupi, au ukilala nayo mpaka asubuhi? Mimi nasema joto, dakika ishirini hadi thelathini, kisha suuza. Usiku tuyaachie mafuta ya nazi, tena kabla ya kuosha nywele, si baada.

Nafundisha kemia sekondari hapa Dar es Salaam, na mwisho wa wiki mabinti wa ukoo wetu huja kwangu Tabata kuoshwa na kusukwa. Naandika kwa kirefu kwa sababu swali hili nalisikia kila mara, na majibu wanayopewa wasichana yananiuma. Wengi wao walinyoa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Wanamaliza shule wakiwa watu wazima ambao hawajawahi kulea nywele ndefu zao wenyewe, na anayewafundisha ni video kwenye simu. Anayefundisha kwenye video hiyo mara nyingi anaishi Chicago au London, nchi ya baridi, ambako miezi kadhaa kwa mwaka hita zinawaka ndani na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Akilala na kichwa kibichi chumbani kwake, maji yana pa kwenda. Sisi tunalala Dar es Salaam, Machi hadi Mei mvua za masika, Desemba hadi Februari joto la kaskazi, na hewa imejaa unyevunyevu wa bahari. Nguo nene tu ukiianika ndani jioni unaikuta mbichi alfajiri. Sembuse kichwa kilichopakwa kondishena, kikafunikwa nailoni, kikafungwa kilemba juu yake na kulazwa kwenye mto kwa saa nane!

Hapo ndipo penye ubaya, na watu hawapatazami kwa sababu wanatazama nywele tu. Chini ya nywele kuna ngozi. Kila mtu mzima ana fangasi wadogo wanaoishi juu ya ngozi ya kichwa, jina lao la kitaalamu ni Malassezia, na hao ndio wanaohusika na mba. Chakula chao ni mafuta ya ngozi, na mazingira wanayoyapenda ni joto na unyevunyevu. Ukifunika kichwa kibichi usiku kucha katika mji huu, umewatandikia kitanda. Msichana anaamka anajikuna, anaona unga mweupe, anadhani ngozi imekauka, basi usiku unaofuata anaongeza kondishena. Nimeshawakalisha chini wengi wenye mzunguko huo, na tiba yao ya kwanza huwa ni kuacha kulala na kichwa kibichi na kutumia shampuu ya mba, wala si kununua kopo jingine.

Kuna jambo lingine ambalo chupa yenyewe inalisema ukiisoma. Kondishena ya kusuuza imetengenezwa ili isuuzwe. Dawa za kuzuia isiharibike zinapimwa kwa kuzingatia kwamba itakaa kwenye mwili muda mfupi. Mfano mzuri ni kemikali iitwayo methilaisothiazolinoni, ambayo iliwasababishia watu wengi mzio wa ngozi. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Ulaya umeizuia kabisa kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, lakini ikaruhusiwa kwenye vya kusuuza kwa kiwango kidogo sana. Maana yake ni wazi: muda ambao kitu kinakaa kwenye ngozi unabadilisha usalama wake. Ukiigeuza kondishena ya kusuuza kuwa ya kulala nayo, umetoka nje ya kipimo alichokusudia mtengenezaji.

Sasa nieleze kwa nini huhitaji usiku mzima hata kama ngozi yako ni imara. Unywele ni protini iitwayo keratini, na juu yake kuna magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa. Unywele ulioumizwa na dawa ya kunyoosha, rangi, pasi au chanuo lisilo na huruma hubeba chaji hasi nyingi kuliko unywele mzima. Kwenye kondishena kuna viambato vyenye chaji chanya, vile vyenye majina marefu yanayoishia na kloraidi au methosalfeti. Hasi na chanya huvutana, kwa hiyo kondishena inajibandika zaidi palipoumia. Kazi hiyo inafanyika kwa dakika. Nafasi za kujibandika zikishajaa, saa saba zinazobaki haziongezi kitu cha maana.

Joto ndilo linaloongeza. Chembe zinakwenda mbio zaidi, vitu vya mafuta vinalainika, unywele unavimba kidogo, na kondishena inasambaa hadi sehemu ambazo isingezifikia upesi. Wanaofaidika zaidi ni wenye nywele za asili ambazo magamba yake yamebana: ukizimwagia maji, matone yanakaa juu kwanza kabla ya kuingia. Hao bila joto wanapaka kondishena ikabaki imetanda tu kama mkorogo. Mwenye nywele za dawa au zilizopakwa rangi, magamba yake yameshafunguka. Kwake vuguvugu kwa dakika kumi na tano linatosha. (Ule mtihani wa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama msiuamini. Chembe ya mafuta au kipovu cha hewa kinatosha kuuelesha unywele wa aina yoyote.)

Binti wa dada yangu aliniuliza, "Mama mdogo, mbona nikilala nayo asubuhi nywele zinakuwa laini kuliko siku zote?" Ni swali la haki. Nikamwambia, "Mwanangu, zishike kesho kutwa zikishakauka, ndipo uniambie." Nywele zilizolowa kondishena zinateleza kila wakati, iwe umekaa nayo dakika tano au saa tisa. Unywele unaweza kunywa maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, na ukiwa umejaa maji unanenepa, unavutika kirahisi na nguvu yake inapungua. Ule ulaini wa asubuhi kwa sehemu kubwa ni maji. Tena katika hali hiyo dhaifu umejigeuza juu ya mto wa kulalia kushoto na kulia usiku kucha, kisha unaamka na kuchukua chanuo. Kinachokatika hapo unakiona kwenye sinki. Mpime msusi au kondishena yako kwa nywele kavu za siku ya pili: je, zinachanika bila kukatika, zinashika msuko, ncha zinakwaruza?

Kuhusu namna ya kupata joto, saluni wana steama ya mvuke na wana draya ya kukalia. Kwenye mvuke usifunike kichwa, maana mvuke wenyewe ndio unaolowesha. Kwenye draya lazima kofia ya nailoni, la sivyo upepo wa moto unakausha kondishena juu ya nywele na umefanya kazi bure. Joto likichoma ngozi ni kubwa mno; vuguvugu la kukufanya usinzie ndilo sahihi. Wala kuongeza muda mpaka saa nzima hakuna faida yoyote.

Asiye na hela ya saluni, au ambaye umeme wa LUKU umekata, hajakosa. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue sana, zungushia juu ya kofia ya kuogea, na likipoa rudia. Au kaa uani saa saba mchana kichwa kikiwa kimefunikwa kofia na kanga nyeusi juu. Jua la Januari linafanya kazi ya draya. Zamani tulivaa mfuko wa plastiki, ule wa rambo, na tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 nawasikia watu wakisema ndiyo maana wameacha stimingi ya nyumbani. Kofia za kuogea zinauzwa Kariakoo kwa bei ya mboga, na moja inatumika muda mrefu ukiiosha.

Nimesema usiku ni wa mafuta ya nazi, na hilo nalo lina sababu. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini kwenye nywele. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini, hasa yakipakwa kabla ya kuosha. Chembe zake ni nyembamba na zimenyooka, zinapenya ndani ya unywele, lakini zinapenya polepole, kwa saa na si kwa dakika. Zikiwa ndani, maji ya kuoshea hayauvimbishi unywele kupita kiasi. Kwa hiyo jioni kabla ya siku ya kuosha, chukua mafuta ya nazi kidogo, nywele zikiwa kavu, paka kuanzia katikati hadi ncha, funga skafu laini, lala. Asubuhi shampuu, kondishena, joto, suuza. Mwenye mba asiyafikishe kwenye ngozi, kwa sababu ile ile ya fangasi wanaokula mafuta. Tuna bahati ya pwani: nazi tunazo sokoni, na mafuta yake yanaganda chupani labda usiku wa Julai tu, yakishikwa kiganjani yanayeyuka.

Yai, mayonezi na parachichi sitavipa nafasi ndefu. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukipeleka yai kwenye joto kali unaweza kulipika kichwani. Kulitoa kwenye nywele za kipilipili ni mateso. Kuleni hayo mayai.

Maji je? Mitaa mingi huku tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, na madini yake yanang'ang'ania kwenye nywele kiasi kwamba kondishena inaonekana haifanyi kazi hata ukiiwekea joto la namna gani. Kama una maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua, hata ndoo moja, yaweke kwa ajili ya kusuuzia mwisho. Nimeona tofauti kubwa kwa mabinti wanaokaa maeneo ya visima kwa hatua hiyo tu.

Na mkienda saluni, nendeni na kofia yenu na taulo lenu. Kofia ile moja inayozunguka kichwa hadi kichwa siku nzima, ikiwa na unyevu na joto ndani yake, inaweza kusambaza mapunye, na mtoto akiyapata anahitaji dawa za kumeza kwa wiki kadhaa. Msusi mwema hataudhika ukimwambia, "Dada, naomba univalishe hii ya kwangu."

Msomaji wenu, Tabata