Kasma kwanza, saruji baadaye (kwa mleta uzi wa uwanja wa Pasua, Moshi)

Mkuu, usinunue saruji. Kama umeshalipa kianzio rudi dukani ukagombane nao, lakini hiyo mifuko 60 isishushwe ofisi ya mtaa.

Umeandika kwamba mtaa wenu una kiwanja kitupu, vijana wamechangishana, na mnataka kumwaga zege la uwanja wa netiboli na kikapu kabla ya masika ili manispaa "ione juhudi na kumalizia". Ukauliza pia habari ya taa, mtaro na nani akusanye viingilio. Hayo nitayagusa nikikumbuka. Mimi nimekwama kwenye hilo neno "kumalizia".

Nani kawaambia? Diwani? Mwenyekiti? Basi ni pacha wa yule aliyetuambia sisi, akapigiwa makofi, akanywa soda yetu na kuondoka. Sauti nzito na miwani mizuri, nami nikaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri kabisa. Saruji yetu ilikaa stoo masika nzima, chini kwenye sakafu. Tulipoifungua tukawa mtaa pekee mkoani wenye mawe yenye nembo ya kiwanda.

Hiyo kauli haikuzuka hewani, na ndiyo maana inadanganya watu wenye akili zao. Imetoka kwenye madarasa. Wananchi wanapandisha boma la darasa, halafu serikali inaleta fedha za ukamilishaji, ile milioni 12.5 kwa darasa ambayo wengi mmeisikia. Fedha ile ipo kwa sababu ukamilishaji wa maboma umewekewa fungu, una maelekezo yake na una idara inayoulizwa. Zahanati ni hivyo hivyo. Sasa niambie, fungu la kumalizia viwanja vya netiboli vya mitaa liko wapi? Halipo. Kiwanja cha michezo kinategemea mapato ya ndani ya halmashauri, yaleyale yanayotolewa asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kisha yanagombaniwa na taka, masoko, posho na madawati. Ukiingia kwenye ugomvi huo bila kasma, hauko kwenye ugomvi.

Kasma ndiyo ile namba ya mstari wa bajeti. Mweka hazina hawezi kulipa kitu kisicho na mstari hata kama kakipenda. Na hawezi kuwarudishia hela ya saruji mliyonunua nje ya utaratibu wa manunuzi, kwa sababu siku hizi mambo yote yanapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na duka la jirani lisilosajiliwa humo kwake ni kama halipo. Mhandisi naye hatasaini zege ambalo hakukagua msingi wake, kwani likipasuka saini ni yake. Akisaini kwa huruma, wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) watakuja na hoja na atajibu yeye. Kwa hiyo "juhudi" yenu inageuka mzigo ambao hakuna ofisa anayetaka kuushika. Zege lililoanzwa vibaya ni baya kuliko kiwanja kitupu, maana anayekuja baadaye analipia kwanza kulivunja.

Halafu tupige hesabu ambayo huyo msemaji wenu hakuipiga. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Ukiongeza nafasi ya usalama ya mita 3.05 kila upande unapata kama mita za mraba 780. Zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 78. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi, kwa hiyo jumla inakaribia mifuko 500. Hiyo 60 yenu ni sehemu moja ya nane. Bado moramu ya kushindilia, bado wavu wa nondo, bado kokoto. Na kama udongo wenu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, bila kuuchimba na kuweka moramu zege litafanya kama udongo unavyofanya. (Kikapu ni mita 28 kwa 15, kinaingia humohumo. Zege moja linatosha michezo yote miwili, msije mkaombea viwili.)

Sasa cha kufanya, na muda ni mfupi, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti inapikwa miezi kabla. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa mwishoni mwa mwaka. Januari na Februari timu ya menejimenti, kamati za kudumu na baraza la madiwani wanapitisha. Kisha inapanda mkoani na TAMISEMI, na Aprili hadi Juni iko Bungeni. Mtu anayepeleka barua Mei anapeleka salamu.

Kesho asubuhi nendeni mipango miji mkaulize ramani inakiitaje hicho kiwanja. Eneo la wazi? Michezo? Makaburi? Hifadhi ya barabara? Msiridhike na "ni chetu tangu zamani". Viwanja vingi vya zamani ni vya chama au vya shule. Na kama kinagusa mto Karanga, Rau au Njoro, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mkae mita 60 kutoka mtoni. Mkipewa jibu, liwe barua.

Kisha mkutano wa wakazi wa mtaa, wenye muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa. Mtendaji aupeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo diwani ndiye mwenyekiti, na hapo ndipo mumbane, siyo kwenye soda. Mwulizeni mradi umeshika namba ngapi. Ukomo wa bajeti ukishuka wanakata kuanzia chini. Namba ya tatu ina pumzi, namba ya tisa ni marehemu. Kama kata imeshamaliza orodha yake, njia iliyobaki mwaka huu ni diwani kuibeba hoja kwenye Kamati ya Fedha, au msubiri uhamisho wa fedha katikati ya mwaka.

Angalieni jina la mradi. Likiandikwa "kuboresha maeneo ya michezo" hela itaboreshea mahali pengine kabisa. Liandikwe ujenzi wa uwanja wa netiboli na kikapu, jina la mtaa, kata ya Pasua, na kiasi. Mchango wenu uingizwe humo humo kama nguvu za wananchi, ukiwa fedha taslimu benki yenye watia saini watatu, siyo mifuko. Fedha haigandi. Mhandisi aandae mchoro na mchanganuo wa gharama, afisa michezo aubebe kwenye mpango wake.

Na hata ukipita, msikimbie dukani Julai 2. Mapato ya ndani yanaingia kidogo kidogo, na robo ya kwanza mara nyingi ni kavu. Kila robo mwulizeni diwani taarifa ya utekelezaji, mkitaja kasma yenu kwa namba. Mkitaja namba, majibu hubadilika.

Mtaro uliouliza ukiwa wa barabara ya mtaa siyo wa manispaa tena, ni wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, pelekeni kwa meneja wao wa wilaya. Taa sikumbuki uliulizaje. Viingilio tutagombania siku mkishakuwa na mahali pa kuingilia.

Ukipata ile ramani ipige picha uiweke hapa, namba ya kiwanja na kitalu vionekane. Na yule wa "halmashauri itamalizia" mwambie aje aandike kasma yake humu.