Viroboto wa maji na dawa ya tumbaku bwawani
Ndugu yangu wa Urambo, umeuliza kama viroboto wa maji (Daphnia, vidudu vidogo vya majini jamii ya kamba, si viroboto wanaouma) wanaweza kutuonyesha kuwa dawa ya wadudu inayopuliziwa tumbaku imeingia bwawani. Wanaweza. Chukua wachanga, wasiozidi saa 24 tangu wazaliwe, weka watano watano kwenye glasi nne za maji ya bwawa na nne za maji safi yasiyo na klorini (ya bomba itawaua). Baada ya saa 48 tikisa taratibu: asiyeogelea ndani ya sekunde 15 hesabu amelemaa, hata kama antena zinachezacheza. Mapema zaidi, angalia mwendo. Mzima hurukaruka kwenda juu. Aliyeguswa na dawa ya wadudu mara nyingi huzungukazunguka palepale. Hawakwambii ni dawa gani, hivyo sampuli iende maabara, na watoto wasiyanywe maji ya bwawa kwa sasa.