Printa yako, mtandao wa mwajiri: usipite nilikopita mimi

Ijumaa jioni nilipokea ujumbe wa katibu muhtasi mwenzangu, binti aliyeko Tabora. "Shikamoo dada. Nimenunua printa yangu mwenyewe kwa ajili ya kazi, lakini ofisini wamefunga kila kitu. Naomba unielekeze namna ya kupata paswadi ya admini bila wao kujua."

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kila nikifika pale "bila wao kujua" moyo unanienda mbio. Kufanya jambo bila wao kujua ndiko kulikonipatia barua ya onyo baada ya miaka 12 ya utumishi usio na doa.

Sisi tunaokalia kiti hiki tunajua kwa nini mtu anaitamani printa yake. Ofisini kwetu palikuwa na mashine moja kubwa, imewekwa kwenye korido, inatumiwa na ghorofa nzima. Unachapa barua ya siri, unatoka mezani, ukifika unakuta mtu wa masijala ameshaibeba pamoja na karatasi zake. Siku moja barua ya uhamisho wa mtumishi ilisomwa koridoni kabla mwenyewe hajaitwa na bosi. Aliyehojiwa kwa kuvujisha siri ni mimi. Nililia chooni siku ile, kisha nikaapa kwamba printa itakaa mezani kwangu hata kama ni kwa fedha yangu.

Nikiwa likizo Dar nikaingia Kariakoo, nikanunua Epson L3250, ile inayojazwa wino kwa chupa. Nilirudi nayo Dodoma kwa treni ya SGR, boksi nimelibana miguuni njia nzima.

Jumatatu nikaanza kuhangaika. Printa ile haina tundu la waya wa mtandao, ina waifai na USB tu. Waifai ya ofisi yetu haifunguki kwa paswadi moja ya wote. Kila mtumishi anaingia kwa jina lake na nywila yake, na printa ya aina ile haina mahali pa kuandika jina la mtumiaji. Nikajaribu hotspoti ya simu. Printa ikakubali, lakini kompyuta yangu ni ya mezani, haina waifai, inapata mtandao kwa waya wa ukutani. Nikachomeka waya wa USB, kompyuta haikuitambua printa. Nikashusha draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ikadai paswadi ya admini, mtu wa TEHAMA mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta. Ningempigia simu afisa TEHAMA muda ule, yangeishia hapo. Sikupiga. Niliogopa kuambiwa hapana.

Nyumbani tulikuwa na ruta ndogo iliyobaki tulipobadilisha kampuni ya intaneti. Kesho yake nikaja nayo kwenye mkoba. Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, nikauchomeka kwenye ruta, kisha kompyuta na printa nikaziunganisha na ruta hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza ulipotoka nilimshukuru Mungu.

Kilichokuwa kinaendelea kwingine nilielezwa baadaye, nawe kielewe vizuri. Kompyuta ikiwashwa huuliza mtandaoni ipewe anwani, yaani namba ya kuitambulisha humo, na ofisini ipo seva, kompyuta kuu, inayojibu. Ruta ya nyumbani nayo hugawa anwani. Mimi waya wa ukutani niliuchomeka kwenye tundu la kuunganishia kompyuta za nyumbani, si lile la kuingizia intaneti, kwa hiyo ruta yangu ikaanza kuwajibu watu wa ghorofa nzima. Kompyuta hupokea anwani ya anayewahi kujibu. Zilizopokea ya kwangu zikaangukia kwenye mtandao mdogo wa ruta yangu, ule wa anwani za 192.168.0, hazioni mfumo wa malipo, hazioni barua pepe, hazioni chochote. Ilikuwa mwisho wa mwezi na wahasibu walikuwa wanaandaa malipo. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita kasoro kazi zilisimama, nami nimekaa nachapa barua zangu, sina habari.

Kijana wa TEHAMA alifuatilia tundu moja moja hadi mezani kwangu. Akaichomoa ruta, akainyanyua juu watu wote waione, akauliza, "Hiki kidude ni cha nani?" Sikatai kosa langu. Lakini nilikuwa na umri wa mama yake mdogo, na ofisi nzima ilikuwa imesimama inatazama. Angeweza kuniita pembeni. Mpaka leo nikipita kwenye korido ile nasikia sauti yake.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, na wengine wote mnaoniuliza swali hili kila mwezi. Mtandao wa ofisi si mali yako. Paswadi ya admini usiiombe kwa siri, usiitafute, na hata rafiki akikupa usiipokee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Mimi niliponea kwenye barua ya onyo.

Wala hawafungi kwa roho mbaya. Julai 2021 lilitangazwa tundu la kiusalama kwenye huduma ya kuchapa ya Windows, likaitwa PrintNightmare. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa aliweza kupenyeza draiva yenye sumu na kuitawala kompyuta nzima. Mwezi uliofuata Microsoft ikabana zaidi, hata draiva inayotoka kwenye seva ya printa ikaanza kudai mamlaka ya admini. Kumbe kile kidirisha kilichonikera kilikuwa na sababu, na hakuna aliyewahi kunieleza.

Nilifanikiwa kwa barua ya nusu ukurasa, kwenda kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, kupitia kwa bosi wangu. Niliandika aina ya printa na namba yake ya kiwandani (serial number), kwamba itatumia waya wa USB pekee, na kwamba wino ni juu yangu. Sababu niliiandika wazi: nashughulikia taarifa za watumishi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka zilindwe. Kibali kilitoka siku ya nne.

Alikuja kijana yule yule. Akaweka draiva ya kuchapa na ya kuskani, dakika kumi hazikuisha. Akazima waifai ya printa pamoja na Wi-Fi Direct, akanieleza kuwa hiyo ya pili ni mtandao ambao printa inaurusha yenyewe, na jirani mwenye paswadi yake anaweza kutuma kazi bila kuonekana na mtu wa TEHAMA. Nilikuwa nimedhani kwa kuwa flashi zimezuiwa, printa ya USB nayo itagoma. Akasema kompyuta huvihesabu hivyo kama vifaa vya aina mbili tofauti, na kwetu waliozuia ni flashi tu.

Alipokuwa anafunga begi lake akaniuliza kwa nini hasa niliihitaji. Nikamwambia habari ya barua kusomwa koridoni. Akanyamaza kidogo, akanipeleka kwenye ile mashine kubwa, akanionyesha kwamba unaweza kutuma kazi ikasubiri ndani hadi usimame pale na kuandika PIN yako. Ilikuwa na uwezo huo tangu iliponunuliwa. Hakuna aliyetuambia. Kama kuna kitu kinaniuma kuliko kile kidude kunyanyuliwa juu, ni hicho.

Jambo jingine ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi unayopewa dukani. Itunze, na siku ya kwanza printa iandikishwe kwa walinzi kama mali binafsi. Nimeshuhudia mwenzangu aliyehamishwa akizuiwa getini na feni yake mwenyewe, hana karatasi ya kuonyesha.

Basi wewe wa Tabora, Jumatatu usichomeke chochote. Nenda kwanza kwa watu wa TEHAMA ukawaulize kama mashine yenu ya pamoja inakubali PIN. Kama haikubali, niandikie, nitakutumia barua yangu ubadilishe majina.