Kompyuta na Mifereji Iliyofukiwa

SWALI: Mhariri, kompyuta inawezaje kutafuta mfereji wa kale uliofunikwa na udongo? Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, maji ya mfereji hufuata mteremko, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Wataalamu huingiza katika programu vipimo vya mwinuko wa ardhi, mahali pa chemchemi na mabaki yaliyokwisha kupatikana, kisha programu hutafuta njia inayoteremka polepole kutoka chanzo hadi mjini. Mfereji wa Kirumi wa Nîmes, Ufaransa, wenye urefu wa takriban kilomita 50, ulishuka takriban mita 12 tu. Mteremko mdogo namna hiyo, ambao kwangu ni ufundi wa kustaajabisha, huacha njia chache sana za kuchunguza. Hata hivyo, mmomonyoko na ujenzi hubadilisha ardhi, kwa hiyo mstari uliochorwa huhakikiwa kwa kuchimba.