Oslo kwa chapati nane

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mji gani wa bei mbaya umewahi kuutembelea ukiwa umechacha, na uliishije?" Jibu langu ni Oslo, mwezi Juni, kwa siku tatu na ushei. Nilikwenda kwa basi kutoka Göteborg ninakosoma, mwendo wa saa nne hivi.

Kabla sijaondoka, Mswidi mmoja ninayekaa naye alinichekesha. Alisema Wanorwe, pamoja na mafuta yao yote, huvuka mpaka pale Svinesund kuja Uswidi kununua nyama, soda na peremende, kwa kuwa kwao ni ghali. Nikajiuliza, kama mwenye mji anazikimbia bei zake, mimi mwanafunzi ni nani? Nikapika chapati nane, nikazifunga kwenye foili, nikaongeza samaki wa kopo, mayai ya kuchemsha na shuka mbili. Shuka msizisahau. Hosteli nyingi za huko kitanda kina bei yake na shuka zina yake.

Nilifika Jumamosi mchana, nikaenda moja kwa moja Grønland, mtaa ulio karibu na stesheni kuu, wenye maduka ya Wapakistani na Wasomali. Matunda na mboga pale bei yake inazungumzika. Muuzaji mmoja, Msomali, alinisikia nikiongea na mama kwenye simu, akanigeukia kwa Kiswahili cha Eastleigh: "Dada, chukua na ya kesho. Kesho Jumapili."

Nikasema moyoni, hayo ndiyo maneno ya wenye maduka popote walipo. Nikachukua ndizi tatu, nikaondoka na ujanja wangu wa Kariakoo.

Chapati nilizopanga zifike Jumatatu ziliisha usiku uleule. Juni jua la Oslo huzama karibu saa tano usiku, na mimi nisipoona giza naendelea kula tu. Asubuhi nikatoka kutafuta mkate. Supamaketi ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa, ya tatu nikasukuma mlango kabisa kama vile nitabahatika. Kumbe kwa sheria yao, Jumapili vyakula huuzwa zaidi kwenye viduka visivyozidi mita za mraba 100. Nilikipata kimoja. Bei ya ule mkate siitaji, kwa sababu mama naye husoma gazeti hili.

Nikaenda kuula mkate huo kwenye bustani ya Vigeland, yenye sanamu zaidi ya 200 za shaba na mawe, na haina kiingilio. Kando yangu akakaa baba mmoja na watoto wawili. Kigari cha mtoto tu ungedhani kimetoka kwa tajiri. Akafungua kifurushi cha karatasi: vipande vya mkate vyenye jibini ya kahawia, na kati ya kipande na kipande kikaratasi chembamba ili visigandane. Wao hukiita matpakke, na hadi watu wa ofisini hubeba kila siku. Mkate wangu mkavu nao ukaanza kunipendeza kidogo.

Jumatatu nilinunua tiketi ya saa 24, na hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Tiketi hiyohiyo inapanda tramu, treni ya chini ya ardhi na hata boti za visiwani. Nilivuka hadi Hovedøya, kwenye magofu ya nyumba ya watawa waliotoka Uingereza mwaka 1147, nikachovya miguu baharini nikaitoa haraka. Jioni nikapanda treni namba 1 hadi Frognerseteren, msituni juu ya mji. Maji nilijaza bombani kila mahali, baridi kama yametoka friji. Kahawa nilinunua mara moja tu, kroni 50, zaidi ya shilingi 10,000 zetu, nikainywa polepole kama dawa. Choo, kiti na chaji ya simu nilivipata bure Deichman, maktaba yao mpya ya mwaka 2020 iliyo jirani na jumba la opera.

Katikati ya safari hizo niliingia ukumbi wa jiji, nao bure. Humo ndimo Wangari Maathai alimopokea Nobel ya Amani tarehe 10 Desemba 2004. Nilipanga dakika tano. Nilisimama pale hadi mguu ukafa ganzi, nikijaribu kukisia alisimama upande gani.

Jumanne asubuhi, kabla ya basi, nilirudi Grønland. Yule muuzaji alinitambua tangu mlangoni.

"Dada! Jumapili ilikuaje?"

Sikumjibu. Nilimpimisha machungwa manne, akaongeza la tano, huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.