Kabla ya Kuchora Nyumba, Andikeni Mnavyoishi

Karibu kila anayenijia kwa ushauri wa ujenzi huanza kwa kunitajia idadi ya vyumba: vitatu vya kulala, kimoja kiwe kikuu na chenye bafu lake, sebule, jiko na stoo. Sina ugomvi na hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayompa fundi picha ya ukubwa wa kazi, lakini haisemi lolote kuhusu watu watakaoishi humo. Familia mbili zenye watu sita kila moja zinaweza kuwa na idadi ileile ya vyumba, na bado moja ikaishi kwa raha na nyingine ikabanana, kwa sababu moja ina mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku na nyingine ina watoto wachanga wawili na bibi anayeamka alfajiri. Vyumba ni jibu, na jibu huja baada ya swali.

Swali lenyewe sisi tulilitafuta kwa njia ambayo tangu wakati huo nimekuwa nikiwapendekezea wengine. Kabla ya kwenda kwa msanifu majengo tuliweka daftari mezani katika nyumba tuliyokuwa tumepanga, na kila mtu, pamoja na watoto waliokwisha kujua kuandika, akaombwa aandike kila alipokwazwa na nyumba: alisubiri wapi, aligongana na nani, alikosa pa kuweka kitu gani, kelele zipi zilimwamsha. Hatukuomba ndoto. Ndoto za nyumba kwa kawaida hutokana na picha za nyumba za watu wengine, ambao hatujui wanaamka saa ngapi wala wanafua lini; kero, kwa upande wake, ni za nyumbani kwenu peke yenu. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na msanifu, hata awe hodari kiasi gani, hajawahi kulala kwenye kitanda chenu. Daftari hilo ndilo humwonyesha kunguni walipo.

Tulipolisoma, jambo lililojitokeza zaidi lilikuwa foleni ya asubuhi. Watu wote walitaka bafu ndani ya saa moja ileile, na wazo la kwanza la kila mmoja wetu lilikuwa kuongeza bafu jingine. Msanifu akatuuliza mtu anayesubiri huwa anasubiri nini hasa. Wengi, kwa kweli, walitaka kupiga mswaki na kunawa uso tu, huku mmoja akiwa anaoga kwa utulivu nyuma ya mlango uliofungwa. Suluhisho likawa kutenganisha: choo na mlango wake, sehemu ya kuogea na mlango wake, na sinki la kunawia nje yao, kwenye kijisehemu kilichoingia ndani kidogo kutoka koridoni. Watu watatu sasa hutumia kwa wakati mmoja mahali ambapo mwanzoni palitosha mtu mmoja, na gharama iliyoongezeka ni ya ukuta mfupi na mlango, si ya bafu zima lenye mabomba yake, vigae vyake na usafi wake wa kila siku. Nimekuja kuamini kwamba maombi mengi ya kuongeza vyumba yangeweza kujibiwa kwa kuvigawa vizuri vile vilivyopo kwenye ramani.

Kelele ndizo zilizofuata. Hapa kuna mambo ambayo ni rahisi kwenye karatasi na magumu sana baada ya kuta kusimama. Ukuta mzito huzuia sauti kuliko ukuta mwepesi, na kabati la ukutani lililojaa nguo kati ya vyumba viwili vya kulala husaidia zaidi, lakini ukuta mzuri wenye mlango mwembamba uliopwaya chini ni kazi bure, maana sauti hupita penye upenyo wowote. Madirisha mawili yaliyo karibu na yanayotazamana huzungumza yenyewe kwa yenyewe, hasa wakati wa joto yanapoachwa wazi. Chumba cha mtu anayelala mchana kinapaswa kuwa mbali na sebule na jiko, na kisishirikiane ukuta na bafu, kwa sababu maji yanayoteremka bombani husikika. Ndiyo maana mimi si shabiki sana wa mtindo wa kuunganisha sebule, mahali pa kulia na jiko kuwa ukumbi mmoja mpana. Unapendeza, hufanya nyumba ndogo ionekane kubwa na humwezesha mpishi kuzungumza na wageni. Lakini kwa familia ambayo mmoja anasoma, mwingine anatazama runinga na mwingine anakaanga kitu, ukumbi huo hauna mahali pa kujitenga. Mlango mpana wa kuteleza kati ya jiko na sebule, unaofunguliwa na kufungwa kulingana na saa, ulitupa yote mawili.

Jiko linastahili muda mrefu kuliko chumba chochote. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa karibu mita 3.4, akiwa amepanga kila kitu kwa kupima hatua na mikono ya anayepika. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa, na makabati yaliyofungwa ukutani ambayo leo tunayaona ya kawaida ni wajukuu wake. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waliendeleza fikra hiyo kwa kupima umbali kati ya jokofu, sinki na jiko la kupikia, na kanuni inayotumika hadi sasa ni kwamba jumla ya pande hizo tatu iwe kati ya mita 4 na mita 8 hivi. Kanuni hiyo ni nzuri, nasi tuliifuata, ila ina dhana moja ndani yake ambayo ni lazima uijue: inamfikiria mpishi mmoja. Nyumbani kwenye wapishi wawili au watatu kwa pamoja, jiko lililobana hatua ndilo linalowafanya wakanyagane. Nafasi ya mita 1 kati ya meza mbili za jiko zinazotazamana inamtosha mtu mmoja. Kwa watu wawili wanaopishana na sufuria ya moto mikononi, sentimita 120 ndizo zinazostahili. Kimo cha meza nacho hakipaswi kukubaliwa tu kwa vile ndivyo makabati yanavyouzwa. Simama wima, kunja mkono, kisha shuka sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko: hapo ndipo mgongo wako utakapokushukuru. Kwa kuwa mwenzangu ananipita kwa kichwa kizima, tuliweka sehemu mbili zenye vimo tofauti, na hakuna mgeni aliyewahi kuona ajabu.

Halafu kuna muda. Nyumba huishi muda mrefu kuliko mpangilio wa familia iliyoijenga. Mtoto wa miaka 4 atakuwa kijana anayetaka mlango wa kufunga, kisha atahama, na mzazi anayepanda ngazi leo bila kushika popote hatazipanda hivyo daima. Chumba kimoja cha kulala kiwe ghorofa ya chini, karibu na choo na bafu lisilo na kizingiti. Milango iwe na uwazi wa sentimita 80 hadi 90, na mahali fulani katika bafu hilo na chumba hicho pabaki duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ambalo kiti cha magurudumu kinaweza kugeukia. Njia ya mteremko kwa kawaida hupewa uwiano wa 1 kwa 12, maana yake ni kwamba sakafu iliyoinuka sentimita 30 kutoka ardhini inahitaji njia ya mita 3.6; nafasi hiyo ikiwa haikuachwa mbele ya nyumba tangu mwanzo, haitapatikana baadaye. Hata kama hamtahitaji vyuma vya kushikia bafuni kwa sasa, mwambieni fundi aimarishe ukuta pale vitakapofungwa siku moja. Watu huona ni uchuro kuzungumzia uzee wakati wa kuchora nyumba mpya. Mimi naona ni heshima kwa wazee.

Kwa watoto tulifanya jambo linalofanana na hilo kwa upande wa pili: chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili, swichi na soketi kila upande, na nafasi ya mlango wa pili iliyokwisha kuwekewa lenta, yaani boriti ya juu ya mlango, ukutani, ili siku ya kukigawa iwe kazi ya kujenga ukuta mwepesi tu. Wanaofikiria kuongeza ghorofa miaka ijayo wanapaswa kumwambia mhandisi sasa hivi, kwa kuwa msingi na nguzo husanifiwa kwa uzito utakaobebwa, na uzito huo haubembelezwi.

Kiwanja chenyewe kina maoni yake, nacho hakishindani na mtu. Nendeni asubuhi, mchana na jioni, na mkiweza nendeni mvua inaponyesha ili muone maji yanapita wapi. Jua la asubuhi mashariki na la jioni magharibi huwa chini, kwa hiyo paa lililotokeza halitoshi kulizuia; madirisha makubwa upande wa magharibi katika nchi ya joto ni tanuri la kujitakia. Mbali na ikweta upande wa kaskazini, vioo vikubwa huelekezwa kusini ili kupokea jua la majira ya baridi, na upande wa kusini wa dunia huwa kinyume chake. Karibu na ikweta jua huhama kaskazini na kusini kulingana na miezi, na paa ndilo hupokea sehemu kubwa ya joto. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili hupata hewa inayopita, ilhali chenye dirisha moja hupata hewa inayosimama. Ukishajua hayo, rudi kwenye daftari na uliza nani yuko chumba gani saa ngapi: anayefanya kazi nyumbani mchana hapaswi kupewa upande unaochomwa na jua la alasiri.

Mengine nayataja kwa haraka. Jiko, bafu na mahali pa kufulia vikikaribiana, au vikikaa juu ya vingine katika nyumba ya ghorofa, mabomba hupungua, na bomba la maji taka, ambalo linahitaji mteremko wa kutosha ili lisizibe, huwa na safari fupi. Ngazi zipimwe kwa kanuni ya zamani: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na upana wa sehemu yake ya kukanyagia kutoka mbele hadi nyuma, kipate sentimita 60 hadi 64. Na stoo isiwe mabaki ya nafasi iliyoshindikana. Viatu, mifagio, masanduku na vitu vya misimu huhitaji mahali pake karibu na vinapotumika, la sivyo vitahamia sebuleni.

Michoro ya kwanza ikirudi, msiitazame kama picha. Chukueni kidole mkipitishe kwenye ramani kama mtu anayerudi nyumbani na mzigo mikononi wakati mvua inanyesha: anaweka wapi mwavuli, anavua viatu wapi, mzigo unafika jikoni kwa kupita nani anayetazama runinga? Fanyeni hivyo kwa kila mtu, tangu kuamka hadi kulala, na usiku mtu anapokwenda chooni. Mpime samani mlizonazo na kuzichora kwa kipimo kilekile cha ramani, kwa sababu kitanda cha mita 1.5 kwa 2 katika chumba cha mita 3 kwa 3 kinaacha njia ya kupita lakini kabati likifunguliwa huenda njia hiyo ikatoweka. Milango nayo ichorwe ikiwa wazi. Ukubwa wa vyumba ukiwatatiza, tandazeni kamba na vigingi kiwanjani na mkae humo na viti. Mimi husadiki miguu kuliko mistari.

Fedha zikianza kubana, na zitabana, punguzeni kwa mpangilio. Vigae, rangi, taa na milango ya makabati vinaweza kubadilishwa baada ya miaka mitano bila kuhama nyumba. Mahali pa ngazi, kimo cha dari, uwazi wa madirisha, njia za mabomba na uimara wa msingi havibadiliki kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataipenda. Kwa hiyo tulikubali jiko lenye rafu wazi kwa muda, na hatukukubali kupunguza upana wa milango. Tengeni pia akiba ya asilimia 10 hadi 15 juu ya makadirio, nayo isiguswe kwa ajili ya mapambo. Mabadiliko yoyote baada ya ujenzi kuanza yaandikwe, yakiwa na gharama yake na siku yatakazoongeza, na yatiwe saini na pande zote mbili kabla fundi hajainua nyundo, hata kama fundi ni ndugu yenu. Kwa ndugu, hasa, yaandikwe mara mbili.